Mwenye Wembe Ndiye wa Kuuliza

Ujumbe wa ibada ya Jumapili
Masomo: 2 Samweli 10:1-5, Waamuzi 12:4-6, Matendo ya Mitume 2:1-11

 

Leo tunasoma habari ya kunyoa. Msicheke. Biblia imetaja nywele na ndevu mara nyingi kuliko tunavyodhani. Samsoni alinyolewa akiwa usingizini, nguvu zikamtoka. Absalomu alikata nywele zake kila mwisho wa mwaka, na zikipimwa zilifika shekeli 200. Paulo alinyoa kichwa pale Kenkrea kwa ajili ya nadhiri. Bwana Yesu naye alifundisha kwamba Baba anajua hesabu ya nywele za kila mmoja wetu. Kwa hiyo mkiona mhubiri anaingia kwa kinyozi na Biblia mkononi, msishangae.

Tuanze na Hanuni.

Nusu ya ndevu

Nahashi, mfalme wa Waamoni, amekufa. Daudi anakumbuka wema aliotendewa na marehemu, anatuma watumishi wake wakampe pole mwanawe, Hanuni. Hiyo ilikuwa safari ya matanga tu. Sisi tunaijua safari ya namna hiyo: unapanda matatu, unabeba sukari au unga kidogo, unakwenda kukaa na wafiwa. Wanaume wale wakavuka mto Yordani wakaingia katika nchi ya Waamoni. Mji wao mkuu uliitwa Raba, na mahali pale pale leo pana Amman, mji mkuu wa nchi ya Jordan.

Wakuu wa Amoni wakamnong'oneza Hanuni kwamba hao hawakuja kulia, wamekuja kupeleleza mji. Sasa fungua Biblia yako utafute swali ambalo Hanuni aliwauliza wageni wake. Tafuta vizuri. Halipo! Hakuwauliza kitu. Alichukua wembe. Akawanyoa nusu ya ndevu, akawakatia nguo zao katikati, akawafukuza na aibu yao.

Daudi aliposikia aliwatumia ujumbe wakae Yeriko mpaka ndevu ziote tena, ndipo warudi nyumbani. Hapo ona moyo wa mfalme. Lakini mambo hayakuishia Yeriko. Waamoni walijua wameharibu, wakakodi askari wa Washami kwa maelfu. Vita vikawaka. Ukisoma sura ya 11 utakuta ni katika kuuzingira mji huo huo wa Raba ndipo Uria aliuawa. Nusu ya ndevu, wapendwa! Ilianza na nusu ya ndevu.

Na jambo moja zaidi. Kiamoni na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, zinakaribiana sana. Hanuni hawezi kusema kwamba alikosa mkalimani. Maneno aliyasikia. Alikosa nia ya kuuliza.

Kiti cha Doha

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kurudi hapa Mwabungo nilifanya kazi ya ulinzi Doha, kule Qatar. Ilikuwa miaka ile ya kujenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022. Tulikaa kwenye makambi ya wafanyakazi ya Industrial Area. Kule siku ya mapumziko ni Ijumaa, na hata sisi Wakristo tuliabudu Ijumaa, katika lile eneo la makanisa la Mesaimeer. Kwa hiyo Alhamisi jioni kila mtu anatafuta kinyozi.

Sasa kinyozi wa hapa Ukunda anakujua. Anamjua baba yako, anajua timu unayoshabikia. Unakaa, unasema "kama kawaida," mnaanza siasa. Kule nilikuta foleni ya Mnepali, Mhindi, Mbangladeshi, Mfilipino na Mhabeshi. Mwenye mashine alikuwa ndugu mmoja kutoka Pakistani, lugha yake Kiurdu. Kiingereza chake kilikuwa maneno kama matano, na Kiarabu changu hakikuzidi hapo. Nywele alizozoea ni zile laini za kulala, ambazo anazikata kwa kitana na makasi. Hizi zetu za kujikunja aliziangalia kama fundi wa baiskeli aliyeletewa trekta.

Mbele yangu alikuwa kijana mwenzetu wa Kisumu. Mnajua vijana wa Kenya wakitaka kipara husema "Jordan," kwa ajili ya yule mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Michael Jordan. Basi kijana akakaa, akajipapasa kichwa, akasema, "Jordan." Kinyozi akatabasamu, akajigonga kifua: "No Jordan. Pakistan, Pakistan!" Alidhani anaulizwa kwao ni wapi. Duka zima likacheka.

Lakini ukishakaa wewe kwenye kile kiti, kicheko kinakwisha. Umefungwa shuka shingoni, mikono yako iko ndani ya shuka. Nyuma yako amesimama mtu ambaye huwezi kumwambia hata "polepole," na ana wembe. Shingo yako iko wazi. Nabii Isaya alipotafuta mfano wa unyenyekevu wa Masihi, katika sura ya 53, alichagua kondoo aliye mikononi mwa wakata manyoya, asiyetoa sauti. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo miaka mingi. Pale kitini niliisikia kwenye shingo.

Ndugu yule angeweza kunyoa apendavyo. Foleni ni ndefu, mteja ni kama bubu, na huenda hamtaonana tena. Lakini alifanya mambo matatu, nayo ndiyo nataka muyashike.

La kwanza, alionyesha kabla ya kugusa. Alitoa vile vitana vya plastiki vinavyovikwa kwenye mashine, akavipanga kwenye kiganja chake: namba moja, namba mbili, namba tatu. Tarakimu tunazijua sote. Nikagusa namba moja. Kisha akachukua wembe mpya, akaufungua kwenye karatasi yake mbele ya macho yangu, akauvunja katikati, nusu akaitia kwenye mpini. Hakusema neno. Lakini nilielewa kwamba wembe ule haujampita mtu mwingine.

La pili, alianza kidogo. Alipitisha mashine mara moja tu, nyuma ya kichwa, mahali ambapo pakiharibika panarekebishika. Akasimama. Akashika kioo nyuma yangu ili nijione kwenye kioo cha mbele. Akangoja.

La tatu, aliuliza. Alipomaliza upande mmoja aliinama, akaniangalia machoni kupitia kioo, akasema, "Bas?"

Wapendwa, nilishtuka. Basi! Neno la nyumbani, ng'ambo ya bahari, kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kuiona Likoni. Kwa Kiurdu "bas" ni "inatosha," na hii "basi" yetu ni ndugu yake wa damu. Nikatikisa kichwa kwamba bado. Akaendelea. "Bas?" Nikasema, "Basi!" Akaizima mashine pale pale.

Kumbe tulikuwa na maneno mengine pia. Mimi nasema sabuni, yeye anasema sabun. Dunia, duniya. Dawa, dawa. Duka, dukan. Habari, khabar. Majahazi yaliyokuja kwetu na pepo za kaskazi, kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, hayakubeba tende na nguo peke yake. Hata shampuu mnayonunua ya pakiti hapo dukani, jina lake limetoka India, katika neno la kukanda. Na kweli alinikanda kichwa, mpaka uchovu wa zamu ya usiku ukanitoka. Malipo akanionyesha kwa vidole. Nilipoinuka akaniita "bhai," yaani ndugu.

Linganisha watu hawa wawili. Hanuni alikuwa na jumba la mfalme, washauri, na lugha iliyokaribiana na ya wageni wake. Akaleta vita. Yule wa Doha alikuwa na neno moja. Akaniachia kichwa kizima na moyo mkunjufu. Mmoja hakuuliza, mwingine aliuliza.

Mwambie jirani yako: "Mwenye wembe ndiye wa kuuliza!"

Anayenyolewa hana la kufanya, amefungwa shuka. Mzigo wa kuelewana uko kwa yule mwenye chombo mkononi.

Herufi moja, roho 42,000

Twende Waamuzi 12. Wagileadi wamevishika vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka "sh," alisema Sibolethi. Basi, amejulikana. Anachinjwa. Maandiko yanahesabu watu 42,000 wa Efraimu. Na kumbuka hao walikuwa ndugu, wana wa Israeli wote, wenye Mungu mmoja. Herufi moja ndiyo iliyowatenganisha.

Sisi wa Kusini tusiisome habari hii kama ya watu wa mbali. Agosti 1997 machafuko yalianza Likoni, yakasambaa huku kwetu. Watu wa bara waliwindwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama nyumba zao. Kisha ukaja msako, na vijana wengi wa hapa wakakamatwa na kupigwa, hata wasiohusika. Wako katika ushirika huu waliokimbia siku zile na watoto mgongoni. Wako na majirani zetu Wadigo ambao hawajasahau yaliyowapata wana wao. Pande zote mbili zina kovu.

Na mpaka leo, mtu akifungua mdomo pale stejini, sikio linamkagua. Huyu "r" yake imegeuka "l," ni wa wapi? Huyu anaongea Kiswahili cha kuvuta, ni wa hapa? Kabla hajamaliza kuuliza nauli tumekwisha kumnyoa nusu ya ndevu. Mnanielewa? Hakuna damu iliyomwagika, lakini wembe umeshapita.

Miujiza ilikaa upande gani?

Sasa tufike nyumbani kwetu, Matendo 2. Sisi tunaitwa Wapentekoste. Tumebeba jina la siku hiyo, basi tuiangalie vizuri.

Yerusalemu imejaa Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Mesopotamia, Misri, Krete, Arabuni. Wamekuja sikukuu. Wengi wao wangeweza kusikilizana kwa Kiyunani au Kiaramu, lugha za soko la siku zile. Ungedhani hiyo inatosha. Roho Mtakatifu hakuona inatosha. Alishuka, akagusa ndimi. Za nani? Si za wageni! Aligusa ndimi za kanisa. Hakuwaambia Waparthi wakajifunze kwanza Kigalilaya ndipo warudi waokoke. Aliwapa Wagalilaya mzigo wa kusema, na kila mgeni akasikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Haleluya! Mungu aliweka kazi kwa mwenye ujumbe. Mgeni alibaki na kazi moja tu, kusikia.

Paulo naye, katika 1 Wakorintho 14, anafundisha kwamba sauti nisiyoielewa inanifanya mgeni kwa msemaji, na msemaji mgeni kwangu. Ugeni una pande mbili. Ukimfanya mwenzako mgeni, nawe umekuwa mgeni mbele yake, hata kama uko kwenye shamba la babu yako.

Nani ana wembe hapa Mwabungo?

Tuseme ukweli. Vijana wetu wa Diani na Galu wanajua kusalimia kwa Kijerumani na Kiitaliano. Hawakusoma chuo, walijifunza mchangani kwa sababu mtalii ana pesa. Sio dhambi, ni bidii, na Mungu abariki kazi zao. Lakini mtu ameishi Mwabungo miaka 15 na hajui kumwamkia bibi Mdigo wa nyumba ya pili kwa lugha yake. Tumejifunza lugha ya anayetulipa. Lugha ya anayetuombea chumvi, je?

Mwenye kipaza sauti ana wembe. Tunahubiri, tunapandisha sauti, Kiingereza kinaingia, watu wanasema amina. Na nyuma kabisa yuko mama wa Kikamba aliyetoka Shimba Hills, hajaambulia kitu. Yuko mtoto kiziwi katika shule ya Jumapili, anatazama midomo yetu. Nani amesimama akamwuliza, "Bas?"

Mliojaliwa kazi za hospitali, mna wembe. Bibi amekuja na maumivu ambayo anaweza kuyaeleza kwa Kidigo tu. Muuguzi ana sindano, bibi ana mkono. Muulize kwanza. Kama huna lugha yake, mtafute mwenye nayo, hata kama foleni ni ndefu. Foleni ya Doha nayo ilikuwa ndefu.

Na hili nalisema kwa uzito. Mwenye karatasi ana wembe. Mnajua ninazungumzia nini. Mzee anawekewa mbele yake karatasi ya shamba iliyoandikwa Kiingereza, anaonyeshwa mahali pa kuweka kidole gumba, anaambiwa ni ya kawaida tu. Jioni anarudi nyumbani, ardhi ya watoto wake imekwenda. Huyo mzee amenyolewa ndevu nzima, si nusu! Na pengine aliyeshika karatasi ni mtu anayeimba kwaya mahali fulani. Ndugu, kama unajua kusoma na mwenzako hajui, elimu yako ni wembe. Msomee yote, kwa lugha anayoielewa, mpaka mwisho. Kisha ungoje aseme mwenyewe kama ameridhika. Akisema bado, zima mashine.

Katiba yetu ya 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Imempa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila kulipa. Hiyo ni mahakama, ambako mtu amekuja kuhukumiwa. Nyumba ya Mungu, ambako mtu amekuja kutafuta rehema, itampa pungufu ya hapo?

Na nyumbani je? Baba na mama wanalala kitanda kimoja, wanaongea lugha moja, na hakuna anayemwuliza mwenzake kama inatosha au bado. Mzazi anamnyoa mtoto kwa maneno makali mbele ya wageni, nusu ya heshima yake imekwenda. Lugha mnayo moja. Uliza basi!

Kwa wewe ambaye umeshanyolewa nusu, nina neno la Yeriko. Daudi hakuwacheka wale wanaume wala hakuwaambia wafiche. Aliwapa mahali pa kukaa mpaka ndevu ziote. Kanisa hili liwe Yeriko yako. Kama ulidhalilishwa kwa kabila lako, kwa matamshi yako, kwa kutokujua kusoma, kaa hapa. Zitaota. Mfalme ametuma ujumbe kukulaki njiani, naye hana aibu nawe.

Zoezi la wiki

1. Jifunze salamu na neno la pole katika lugha moja ya jirani yako ambayo hujui. Litumie kabla ya Jumapili.
2. Ikiwa unajua Kidigo, Kiduruma, Kikamba au lugha ya ishara, jiandikishe kwa wazee wa kanisa. Tunataka kila mgeni asiyeelewa akae na mtu wa kumfasiria.
3. Mtafute mzee mmoja mwenye karatasi asiyoielewa, iwe ya shamba, ya hospitali au ya mkopo. Msomee bure.

Kwa ushirika wa nyumbani

Je, wageni wa Hanuni wangejibu nini kama wangeulizwa? Katika kazi yako, ni nani aliyefungwa shuka mbele yako? Je, wako waliotoka kwetu wamenyolewa nusu, na tufanye nini wapate Yeriko?

Tuombe

Baba, unayejua hesabu ya nywele zetu bila kuuliza kabila, tupe masikio kabla ya kutupa wembe. Waponye wote waliobeba kovu la mwaka 1997, wa bara na wa Pwani. Walinde watoto wetu walioko Saudia, Dubai na Doha. Waangukie mikononi mwa watu wanaouliza. Rudisha kilichochukuliwa kwa wanyonge kwa karatasi wasizozielewa, na umguse aliyechukua, arudishe. Roho Mtakatifu, gusa ndimi zetu tena, jirani akasikie. Kwa jina la Yesu, amina.